Kibao Kutoka Mbuchi

Zawadi ya uchumba ikifika kwenye nyumba yoyote ya Kibiti, majirani huja kuiona, na wakishaiona huisifu hata kama haisifiki. Jumamosi ile walikuja kwa kina Mashavu, wakaona, wakatazamana, halafu mmoja mmoja wakakumbuka kwamba wameacha sufuria jikoni.

Kilikuwa kibao. Si kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, maana hicho angalau kina kazi yake, wala si cha kusukumia chapati. Kilikuwa kipande cha mbao ya mkomafi, pembe nne, urefu wa shubiri na robo hivi, kimepigwa randa na msasa mpaka kikawa laini kabisa, na ubavuni kina vitobo viwili. Kilifungwa ndani ya kanga mpya. Kilipanda boti Mbuchi, kikashuka Nyamisati, kikapakiwa kwenye bodaboda mpaka mlangoni, na kijana wa bodaboda alipokikabidhi alisema, "Mwenyewe kasema kishikwe vizuri, kisianguke."

Shangazi Sihaba aliikung'uta ile kanga mara tatu.

"Na kingine kiko wapi?"

"Hakuna kingine, shangazi."

"Barua je?"

"Hamna."

"Hata pipi?"

Mashavu alitikisa kichwa. Alikuwa amekikumbatia kile kibao kifuani na hakujua akiweke wapi. Kilikuwa kizito kuliko kilivyoonekana. Na jambo lililomtatiza zaidi ni kwamba hakikuwa na dalili ya mzaha. Mtu anayetaka kumkejeli mwenziwe hapotezi siku nzima kwa msasa. Lakini kama si kejeli, ni nini?

Ili uelewe kwa nini nyumba nzima ilinuna kwa sababu ya kipande cha mbao, inabidi ujue Mashavu alikuwa ameomba nini.

Wiki tatu nyuma, Gharibu, fundi wa mashine za boti huko Mbuchi, alileta posa. Ikapokelewa vizuri. Ikabaki mahari, na mahari huitaja bibi harusi mwenyewe. Baba yake Mashavu alishatangulia mbele ya haki, hivyo aliyesimama mahali pake ni baba yake mdogo, mzee Bushiri. Yeye ndiye aliyemtuma shangazi Sihaba chumbani akaulize. Wapo wanaotaja cherehani. Wapo wanaotaja kitanda na godoro lake, na wapo wanaotaja msahafu peke yake, watu wakawasifu msimu mzima. Mashavu alisema, "Kishikwambi. Kile kikubwa. Na kalamu yake."

Sihaba alirudi sebuleni akalisema neno kama alivyopewa, na mzee Bushiri akaweka kikombe chini.

"Kama vile vya sensa?" aliuliza kwa sauti, ili asikike mpaka chumbani.

"Hapana, baba," Mashavu alijibu kutoka huko huko. "Vya sensa vidogo. Hiki ni kile kikubwa kabisa, cha daraja la juu."

"Cha kazi gani?"

"Cha kuchorea kofia."

Hapo hakudanganya. Wanawake wanaoshona kofia za mkono pale mtaani wanashona kwa sindano, lakini kabla sindano haijaingia lazima maua yachorwe, na maua ya Mashavu yalikuwa yanajulikana. Alichora kwenye daftari la miraba, akayapiga picha kwa simu, akamtumia Zaitun, mfanyabiashara wa kofia Dar es Salaam. Zaitun alizipenda kazi zake lakini alizirudisha mara kwa mara. "Mdogo wangu, huku ua limenenepa, huku limekonda. Nunua kishikwambi kikubwa chenye kalamu, uchore sawasawa, mimi nichukue kila utakachochora." Siku Mashavu alipomtembelea, Zaitun alimpeleka dukani wakakiona. Muuzaji alimruhusu achore mstari mmoja. Mstari ule ulikwenda pamoja na mkono wake, ukinenepa alipokandamiza na kukonda alipolegeza. Kwenye kile kidogo cha bei rahisi cha binamu yake, ambacho aliwahi kukijaribu, mstari ulikuja nyuma ya kidole, umechoka.

Basi bei. Bei yake ingeezeka nyumba ya vyumba vitatu kwa bati. Mzee Bushiri alilijua hilo, akakuna kidevu kwa muda mrefu, kisha akasema, "Ni haki yake. Angetaja tingatinga, tungepeleka tingatinga." Mshenga wa Gharibu, mzee Huseni, akaondoka na neno kwenda nalo Mbuchi.

Sasa, mambo haya yana utaratibu wake. Jibu hurudi kupitia kwa mshenga. Ama ni "tumekubali," ama ni "tunaomba mtupunguzie," na katika yote mawili bwana harusi hufunga mdomo wake. Bwana harusi akianza kuijadili mahari kwa kinywa chake, hiyo ni fedheha, na binti anakuwa amefanywa bidhaa ya gulioni. Wiki mbili zilipita bila mshenga kuonekana. Halafu kikaja kibao.

"Kaomba kioo, kaletewa ubao!" Mzee Bushiri alifoka jioni ile. "Huyu kijana anatuambia nini? Kwamba binti yetu arudi madrasa na ubao wa kuandikia? Nampa mpaka Ijumaa. Ijumaa tukitoka msikitini, kama hapajaja jibu la kueleweka, posa yake inarudi. Na Kheri wa Ikwiriri alishaniletea salamu. Yeye kasema atatoa hata viwili."

"Viwili vya nini, baba? Mimi nina mkono mmoja wa kuchorea."

"Kimoja utachorea, kimoja utajitazamia uso. Ushaniumiza kichwa."

Aliamuru kibao kikasaidie kuchemsha chai. Mashavu alikipeleka jikoni mbele ya macho yake, akakipitisha mlango wa nyuma, akakificha chini ya godoro.

Siku sita zilizofuata hakujielewa. Alimkasirikia Gharibu asubuhi, mchana akamtetea moyoni, jioni akamkasirikia tena kwa kuwa amemlazimisha amtetee. Alifikiria kumpigia simu, lakini tangu posa ipokelewe shangazi alikuwa amemkataza, na hata kama asingemkataza, angeanzaje? Umeniletea ubao, una maana gani? Mwanamke mwenye heshima zake haulizi swali kama hilo.

Na chini ya hasira hiyo palikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Hakuwa na uhakika kwamba anakitaka kile kishikwambi. Alikitaka, ndiyo, alikiota, alikijua mpaka rangi ya kona zake. Lakini alikiogopa. Sasa hivi ua likitoka baya, kosa ni la daftari, kosa ni la simu yenye ufa. Akishakuwa na kioo kikubwa na kalamu inayosikia mkono, kosa litakuwa la nani? Yaani mtu ajitwishe mahari ya bei ya mabati, itajwe mbele ya shehe na watu wote, halafu maua yawe yale yale? Je, ingekuwa aibu gani? Mara nyingine alijiona anatamani Gharibu akatae, ili kisingizio chake kibaki salama. Mara nyingine wazo hilo hilo lilimliza.

Jumapili, nyumba ilipokuwa tupu, alikitoa kibao. Nia yake ilikuwa kukidharau. Alikaa mkekani, akanyoosha miguu kama anavyokaa siku zote akichora, akakilaza mapajani. Kikatulia. Uzito wake ulikibana pale pale, hakikuteleza kama daftari. Alikaa nacho hivyo kwa muda bila kufanya lolote. Kisha akachukua karatasi kubwa nyeupe, akaikata ilingane na kibao, akaibandika kwa pini, akashika penseli. Akasahau kupika.

*

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, Gharibu alikuja mwenyewe. Alikuwa peke yake, amebeba kikapu, shati limepigwa pasi, na kichwani kofia ya dukani iliyokaa juu juu, kama imeombwa ikae kidogo tu. Mikono yake ilisuguliwa kwa sabuni mpaka ikawa myekundu, lakini mafuta ya mashine hayatoki kwenye kucha kwa siku moja.

Mashavu alimwona kupitia pazia la mlango, moyo ukamruka, akaukaripia. Ulikuwa unarukia nini na huku posa inarudishwa?

"Asalaam aleikum. Shikamoo, baba. Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," alisema mzee Bushiri, aliyekaa barazani kwenye benchi. "Mshenga wako yuko wapi?"

"Mzee Huseni? Yuko Mbuchi, baba. Mzima kabisa."

"Sijakuuliza afya yake."

Gharibu alikaa mkekani bila kukaribishwa, kwa kuwa alidhani amekaribishwa. "Nimeona nije mwenyewe. Haya mambo yana ufundi ndani yake, mzee Huseni asingeweza kuyaeleza. Kibao kilifika salama?"

"Kilifika salama," alisema shangazi Sihaba. "Sisi ndio hatukuwa salama."

"Alhamdulillahi. Basi nilikuwa na swali. Mashavu akichora anaegemeza upande gani? Kalamu anashika kulia, hilo najua. Lakini mkono wa kushoto unashika wapi? Ndiyo maana nilitoboa vile vitobo viwili, nijue mkanda upite upi."

Mzee Bushiri alimtazama dada yake, Sihaba akamtazama kuku.

"Kijana," mzee alisema polepole, "unajua unazungumzia nini? Unazungumzia mahari."

"Ndiyo, baba. Ndiyo hiyo hiyo."

Mashavu hakuweza tena. Alivuta pazia, akatoka na ushungi wake, akasimama kizingitini. Gharibu aliinua uso. Walitazamana mara moja tu, lakini ile mara moja ilichukua muda wake, mpaka shangazi Sihaba akakohoa.

"Gharibu," Mashavu alisema, "kile kibao ni cha nini?"

"Si kishikwambi chako!"

"Kishikwambi changu ni ubao?"

"Mfano wake. Nilikwenda Dar, nikakiomba dukani nikishike. Muuzaji akanitazama kucha, akanipa dakika tano. Nikakipima kwa kamba: urefu fundo, upana fundo. Uzito umeandikwa kwenye boksi. Nikarudi Mbuchi nikakitengeneza cha mbao. Cha kwanza kilikuwa chepesi, nikachimba mgongoni nikatia kipande cha chuma, nikakipima kwenye mizani ya sukari ya dukani mpaka kikalingana. Unene tu ndio nimedanganya kidogo. Kile chenyewe ni chembamba mno, sijui wametumia akili gani."

"Kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Kwa nini utengeneze ubao!"

Gharibu alionekana kuchanganyikiwa kuliko Mashavu. "Nione kitaishije. Mashine mpya siifungi kwenye boti ya mtu kabla sijajua boti yenyewe. Nilikaa nacho siku saba. Nilipokwenda kilikwenda. Kimeanguka mara mbili, mara moja kwenye boti na mara moja kitandani. Kimelowa mara moja, tena maji ya chumvi. Mama amekikalia."

"Mama yako amekikalia?" Sihaba aliuliza.

"Hakujua, shangazi. Alidhani ni mbao."

"Ni mbao!" alisema mzee Bushiri.

"Halafu umeme," Gharibu aliendelea, akihesabu kwa vidole vyake vyenye kucha nyeusi. "Sola yetu inawasha taa tatu na kuchaji simu mbili. Hapo kitaleta ugomvi. Mtandao unashika gatini tu, sasa utamtumiaje Zaitun picha wakati wa mvua? Na kioo kikipasuka, cha kubadilisha hakipatikani Kibiti wala Ikwiriri, nimeuliza."

Kila kidole kilichoinuka kilimchoma Mashavu. Hakusikia fundi anayefikiria. Alisikia mwanamume anayetafuta mlango wa kutokea. Na wakati huo huo, aibu yake, kuna kipande cha moyo kilichokuwa kinashukuru, kinasema afadhali, afadhali, na kipande hicho alikichukia kuliko vidole vyote.

"Basi sema hakifai," alisema. "Ungemtuma mzee Huseni aseme hakifai, tupunguziwe, watu wangeelewa. Kuliko kuja hapa kunihesabia."

"Sijasema hakifai."

"Umesema kimeanguka, kimelowa, kimekaliwa! Hujasema zuri hata moja."

"Fundi anaanza na mabaya, Mashavu. Mazuri hayahitaji fundi."

"Na mimi ulinipima hivyo hivyo? Ukaandika nimeanguka mara ngapi?"

Kofia ya Gharibu iliteleza, akairudisha.

"Wewe sikukupima," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe nilikuona tu. Pale gatini Nyamisati, unagombana na mtu aliyekanyaga daftari lako. Nikasema basi."

Shangazi Sihaba aliziba mdomo kwa upande wa kanga. Hata Mashavu alipotea kidogo, akakumbuka lile daftari, alama ya kiatu juu ya ua, na kijana mmoja aliyeliokota akalipangusa kwa shati lake mwenyewe. Alitaka kukaa chini. Alitaka kumpiga. Ilikuwa vigumu kujua kipi kianze.

Lakini mzee Bushiri alikuwa amesikia ya kutosha.

"Basi! Mimi nimeozesha mabinti wanne katika nyumba hii, na sijawahi kuona bwana harusi anakuja kupunguza mahari kwa kinywa chake, tena kwa kutuma ubao. Kijana, hatuna ugomvi. Mashavu, kalete hicho kibao chake aondoke nacho. Najua hakikuungua. Chai ya Jumamosi ilichemka kwa mkaa."

Mashavu aliingia ndani. Aliinua godoro.

Karatasi ilikuwa bado imebanwa kwa pini. Siku sita za penseli zilikuwa juu yake. Kama angetaka kukirudisha kibao kama kilivyokuja, ilikuwa kazi ya kung'oa pini nne, akunje karatasi aitie sandukuni, na kusiwe na mtu atakayejua. Alishika pini ya kwanza. Nje alisikia Gharibu akisema, "Lakini baba, mimi sijapunguza kitu," na mzee akijibu, "Umepunguza heshima." Aliishika ile pini muda mrefu mpaka ikaacha alama kidoleni. Akiing'oa, posa inarudi, kishikwambi kinakwenda na maji, na maua yake yanabaki kuwa kosa la daftari maisha yake yote. Kheri atatoa viwili na hatauliza kitu, kwa sababu hataki kujua kitu.

Aliiacha pini. Alitoka na kibao kama kilivyo, akakiweka mkekani katikati ya watu watatu.

Shangazi Sihaba, ambaye alishona kofia tangu hajavunja ungo, alisogea kwa magoti. Juu ya karatasi palikuwa na ukanda wa kofia kwa ukubwa wake halisi, maua madogo yamefuatana na majani yake, hakuna lililonenepa, hakuna lililokonda, na kati yake vijinjia vyembamba vya sindano vilivyonyooka mwanzo mpaka mwisho.

"Hii umechora wewe?" Sihaba aliuliza.

"Mimi."

"Lini?"

"Tangu Jumapili."

Gharibu aliinama, hakugusa. Alitazama kama anavyotazama mashine iliyofunguliwa, kutoka kushoto kwenda kulia. "Ni nusu," alisema. "Inaishia hapa katikati ya ua. Nusu nyingine iko wapi?"

Kati ya wote ni yeye aliyeona, na Mashavu alimjibu yeye. "Nusu nyingine ni hiyo hiyo, imegeuzwa. Kwa mkono ni siku sita nyingine, na haitalingana. Kwa kishikwambi ni kugusa mara moja. Kwenye kile kidogo nusu haienei, ningechora robo robo nikiunga, na kwenye kuunga ndiko yanakoharibika. Nilikuwa sijui. Nilidhani nataka kikubwa kwa sababu Zaitun kasema. Sasa najua."

"Kwa hiyo kinafaa," alisema Gharibu.

"Kinafaa."

"Umekaa nacho siku sita. Kimeanguka mara ngapi?"

"Hakijaanguka."

Alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile, na tabasamu hilo lilimfanya Mashavu atazame chini. Kisha tabasamu likaondoka. "Nitakwambia ukweli, mbele ya baba na shangazi. Mimi niliogopa. Kikivunjika Mbuchi, utasema Mbuchi ndiyo imekivunja. Utaichukia Mbuchi kwanza, halafu utafika kwangu. Ndiyo maana nikahangaika hivyo."

"Na mimi naogopa," alisema Mashavu. Maneno yalitoka kabla hajayaruhusu. "Naogopa nikipewa, maua yatoke mabaya, na sitakuwa na wa kumsingizia."

"Utanisingizia mimi," alisema Gharibu. "Nimezoea. Mashine ya mtu ikizima majini, ni mimi."

Mzee Bushiri aligonga benchi kwa kiganja. "Subirini. Subirini kwanza, maana mnanizungusha. Kijana, nijibu kwa neno moja. Mahari unalipa au hulipi?"

Gharibu alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani sijajibu?"

"Hujajibu! Wiki tatu hujajibu!"

"Lakini baba..." Alivuta kikapu chake, akatoa sanduku la mbao ile ile ya mkomafi, lenye bawaba na kifuniko. Ndani lilitandikwa sponji ya jaketi kuukuu la kuokolea maisha, imekatwa pembe nne. Alikichukua kibao, karatasi na vyote, akakishusha humo. Kikaingia bila kusukumwa. "Mtu hatengenezi sanduku la kitu asichokinunua. Na sola ya pili nimeshaifunga, ya kwake peke yake, hata taa haijaunganishwa. Mzee Huseni aliniuliza jibu, nikamwambia asubiri nimalize kazi, twende na kitu kamili. Nilidhani mnajua. Mahari kwani huwa inaulizwa? Kaisema, imekwisha."

Mzee Bushiri alilitazama sanduku. Aliinua kifuniko, akakishusha, akakiinua tena. "Hata maji hayaingii?" aliuliza hatimaye.

"Nimelizamisha kwenye ndoo nzima ya maji, baba."

"Hm." Alifikiri kidogo. "Utamtuma Huseni kesho aje aseme neno 'tumekubali.' Hilo tu, asiongeze. Mimi sitaki kuwasimulia watu kwamba nilikubaliwa na sanduku."

"Atakuja, baba."

Shangazi Sihaba alikuwa hajaondoa macho kwenye ile karatasi. "Mimi nina langu," alisema. "Hii kofia ni ya nani? Zaitun anaagiza za rangi, hii pembeni umeandika nyeupe juu ya nyeupe. Nyeupe juu ya nyeupe hatuuzi. Tunawashonea waume zetu."

Mashavu alihisi damu yote inapanda usoni. Angeweza kusema ni ya kujaribia tu. Uongo ulikuwa tayari ulimini. Aliutazama ule uso wa Gharibu uliokuwa hauna hila hata kidogo, unaosubiri kuambiwa kipimo kama mtu anayesubiri kuambiwa mafuta yanaingia wapi.

"Sikuimaliza," alisema, "kwa sababu sina saizi ya kichwa."

Ilimchukua Gharibu muda kuelewa. Mwanzo aliitazama kofia ya karatasi, kisha mzee, kisha shangazi aliyekuwa anatikisika kwa kicheko. Alipoelewa, alivua ile kofia yake ya dukani taratibu, akatia mkono mfukoni, akatoa kamba. Ilikuwa na mafundo mawili. Aliizungusha kichwani mwake, juu ya nyusi, akashika mahali ilipokutana, akafunga fundo la tatu. Hakumpa Mashavu, maana hajamwoa. Alimpa shangazi Sihaba, naye Sihaba akampa Mashavu, na kamba ilipofika mikononi mwake ilikuwa bado na joto la paji la uso wake.

Mashavu alipiga magoti mbele ya sanduku. Aliikunja kamba katikati, nusu ya kichwa kwa nusu ya kofia, akailaza juu ya kibao kutoka ukingo mpaka ukingo. Ilipita kwa upana wa ukucha.

"Kichwa chako kimezidi," alisema.

Gharibu alisogea akatazama. Alihakikisha upande mmoja, akahakikisha na wa pili, uso umemkunjamana kwa wasiwasi. "Kipo kikubwa zaidi ya hiki?" aliuliza. "Nirudi Dar nikaulize?"

Mzee Bushiri alifunika uso kwa mikono. Mashavu alicheka mpaka machozi yakamtoka, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi alijua ni machozi ya nini. Aliitia kamba ndani ya sanduku, juu ya maua, akafunga kifuniko.

"Hiki hiki," alisema. "Maua nitayasogeza."